Dawa Hii Si ya Wazimu: Maumivu ya Mishipa ya Fahamu na Matibabu Yake

Mazungumzo yaliyotolewa kwa wakaaji wa kambi, yamechapwa kwa ajili ya wale waliokuwa kwenye foleni ya mgao na wale ambao miguu haikuwaruhusu kufika

 

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya maumivu ya mishipa ya fahamu na dawa zake. Wazee wangu mniwie radhi, mimi ni mtoto wenu, wala si daktari. Ni mtumishi wa jamii, mkimbizi kama ninyi, niliyebahatika kusoma sekondari. Ninayoyasema ni yale tunayofundishwa ili tuyafikishe nyumbani kwenu. Usiyatumie kujiandikia dawa mwenyewe. Yatumie ili ukifika kituo cha afya uweze kueleza vizuri, na ukipewa dawa uelewe kwa nini umepewa.

Jambo kubwa ni moja, nalo ndilo lililofanya mazungumzo haya yaitishwe. Katika kambi wapo watu wanaopewa dawa iitwayo amitriptilini kwa ajili ya miguu inayowaka moto. Wakifika nyumbani, jirani anatazama kidonge anasema, "Hiki wanapewa vichaa." Basi mgonjwa anakitupa chooni, au anakiuza, anarudi kulia usiku. Huko ni kuteseka bure. Naomba tuelewane leo.

MSHIPA GANI TUNAOUZUNGUMZIA?

Neno "mshipa" linatuchanganya, kwa sababu tunalitumia kwa vitu vingi. Mwingine akisema "nina mshipa" anamaanisha ngiri. Mwingine anamaanisha mshipa wa damu, ule unaodunda kwenye kifundo cha mkono. Mwingine anamaanisha kano inayovuta nyama ya mguu. Ukifika kwa muuguzi, usiishie kusema "mshipa unaniuma". Onyesha mahali kwa kidole, na eleza maumivu yenyewe yakoje.

Mishipa ya fahamu ni kama nyaya. Inatoka kwenye ubongo, inapita ndani ya uti wa mgongo, inagawanyika mpaka kwenye ncha za vidole. Ndiyo inayopeleka habari: hapa pana moto, hapa pana mwiba, hapa pana baridi. Mshipa mkubwa kuliko yote unatoka chini ya mgongo, unapita matakoni na nyuma ya paja, unashuka mguuni. Unene wake pale juu ni karibu sawa na kidole.

Sasa fikiria redio yako na waya wa sola. Waya ukichubuka pale mlangoni unapokanyagwa kila siku, redio inakwaruza hata kama mtangazaji amenyamaza. Mshipa wa fahamu ulioumia hufanya hivyo hivyo. Unapeleka ubongoni habari ya moto, kumbe moto haupo. Ndiyo maana mtu analia kwamba nyayo zinaungua, na ukitazama nyayo huoni jeraha. Hasemi uongo, wala si mvivu anayekwepa kazi. Maumivu ni ya kweli, ila yanatoka kwenye waya.

UTAYATAMBUAJE?

Maumivu ya jeraha la kawaida hupwita, huvimba, hupungua jeraha likipona. Maumivu ya mishipa ya fahamu yana lugha yake:

- kuwaka kama umepakwa pilipili;
- kuchomwachomwa kama sindano;
- kupigwa ghafla kama umeme;
- kutambaliwa na siafu ambao hawapo;
- ganzi, yaani huhisi vizuri, na hapo hapo panauma;
- shuka au upepo ukigusa ngozi inakuwa kama umepigwa.

Mara nyingi yanazidi usiku. Ukiyasikia, sema hivyo hivyo kituoni, kwa maneno yako. "Nyayo zinawaka, vidole vina ganzi, usiku silali" ni maelezo mazuri kuliko "mwili wote unauma".

YANATOKA WAPI?

Wengi kwetu husema mtu ametegewa kitu njiani akakikanyaga, au amerogwa. Sitaki kubishana na imani ya mtu. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kumshuku jirani, pimwa kwanza, kwa sababu vyanzo vinavyojulikana ni vingi na baadhi vinatibika.

Kisukari. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu, ikianzia kwenye vidole vya miguu na kupanda polepole pande zote mbili. Mwenye kuwaka nyayo, kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara apimwe sukari.

Dawa ya kifua kikuu. Isoniazidi ni dawa nzuri inayoponya, lakini inaweza kupunguza vitamini B6 mwilini, na hapo vidole vikaanza kuchoma. Hasa inawapata wajawazito, wenye lishe duni, wenye kisukari, wenye virusi vya UKIMWI na wanaokunywa pombe sana. Kinga yake ni kidonge kidogo cha B6 kila siku. Usiache dawa ya kifua kikuu! Eleza kituoni, uongezewe B6, umalize miezi yako.

Virusi vya UKIMWI. Virusi vyenyewe vinaweza kuumiza mishipa. Zamani hata dawa moja, stavudini, ilikuwa inaleta kuwaka miguu, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache hatua kwa hatua. Waliowahi kuimeza miaka ile, wengine bado wana maumivu hayo. Dawa za siku hizi si zile. Usiziogope.

Mkanda wa jeshi. Malengelenge haya yanayofuata mstari upande mmoja wa mwili yanatokana na virusi vya tetekuwanga ulivyopata utotoni, vilivyolala ndani ya mshipa. Malengelenge yakikauka, maumivu yanaweza kubaki kwa miezi, hasa kwa wazee. Kijana akipata mkanda wa jeshi, inafaa apime damu.

Ukoma. Baka lisilohisi hata ukiligusa kwa pamba, mkono unaolegea, mshipa ulionenepa kwenye kiwiko: nenda kituoni upesi. Dawa za ukoma hutolewa bure, humezwa miezi 6 au 12, na mtu anapona. Akichelewa, viungo vinaharibika na haviwezi kurudi.

Majeraha ya vita. Hapa tupo wengi. Risasi, panga na bomu havikati nyama peke yake. Mwenye kukatwa mguu anaweza kuhisi maumivu kwenye vidole ambavyo havipo tena. Jambo hili si mizimu wala si akili kuharibika. Daktari wa Marekani, Silas Weir Mitchell, aliliandika tangu karne ya 19, baada ya kutibu askari waliojeruhiwa katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 mpaka 1865. Mguu umekatwa, lakini waya uliokuwa ukiuhudumia bado unapeleka habari.

Mgongo. Kubeba magunia na madumu kunaweza kusababisha mshipa kubanwa pale unapotoka mgongoni, na maumivu yakashuka mguuni kama umeme. Pia sindano ya matakoni ikichomwa pasipofaa inaweza kuugusa ule mshipa mkubwa. Basi usikubali kuchomwa sindano na mtu wa sokoni.

Pombe na lishe. Kanyanga ya kila siku pamoja na chakula cha aina moja hudhoofisha mishipa, kwa kukosesha mwili vitamini za kundi B.

KWA NINI PARASETAMOLI HAISAIDII?

Mnalalamika kwamba kituoni mnapewa parasetamoli tu. Ni dawa nzuri ya homa na ya kichwa. Diklofenaki nayo ni nzuri kwa kiungo kilichovimba. Lakini hizo zinafanya kazi pale penye uvimbe na jeraha. Kwa waya uliochubuka hazina nguvu kubwa. Kuzidisha vidonge hakuongezi nafuu. Parasetamoli ikizidi inaua ini, na diklofenaki ikizidi inatoboa tumbo na kuharibu figo. Ikiwa umemeza siku nyingi bila nafuu, rudi ueleze, badala ya kuongeza mwenyewe.

AMITRIPTILINI: DAWA INAYOSEMWA VIBAYA

Ni kweli kwamba dawa hii ilianza kutumika mwaka 1961 kwa wagonjwa wa huzuni kubwa, ugonjwa uitwao sonona. Baadaye waganga waliona kwamba inapunguza pia maumivu ya mishipa ya fahamu, hata kwa mtu asiye na huzuni. Ubongo wetu una breki zake za maumivu, zinazoshuka kupitia uti wa mgongo. Amitriptilini inazikaza breki hizo.

Tazama tofauti ya kipimo. Kwa sonona, mtu mzima mara nyingi hupewa miligramu 75 mpaka 150 kwa siku. Kwa maumivu ya mishipa, huanzishiwa 10 au 25 usiku, kisha huongezwa kidogo kidogo ikihitajika. Dawa ni ile ile, ila kazi na kipimo ni vingine. Ni kama chumvi: ndiyo inayokolea mboga, na ndiyo inayohifadhi samaki. Na hata yule anayeimeza kwa sababu ya huzuni, baada ya tuliyoyaona sote, si wa kuchekwa.

Mama mmoja wa hapa kambini aliimeza siku 3. Siku ya kwanza alilala mpaka jua likapanda, mdomo ukakauka, na miguu ikaendelea kuwaka vile vile. Dada yake akamwambia, "Wanakulevya." Akaacha. Mama huyu hakukosa akili. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mambo haya matatu:

Kwanza, madhara huja kabla ya nafuu. Usingizi na mdomo mkavu huonekana siku za mwanzo, na mara nyingi hupungua. Nafuu ya maumivu huja polepole, baada ya wiki 2 mpaka 4, wakati mwingine zaidi. Anayeacha siku ya 3 amelipa gharama, ameondoka kabla ya kupewa bidhaa.

Pili, humezwa kila usiku, maumivu yawepo au yasiwepo. Haifanyi kazi kama parasetamoli, ya kumeza pale unapoumwa. Imeze saa moja au mbili kabla ya kulala, ili asubuhi usiwe mzito. Ukisahau, usimeze mara mbili kesho yake.

Tatu, haiwasaidii wote. Uchunguzi mwingi uliojumlishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa wanne hivi wanaopewa dawa za kundi hili, mmoja hupata nafuu ya nusu ya maumivu au zaidi kwa nguvu ya dawa yenyewe. Hatukuahidi kwamba maumivu yatakwisha kabisa. Kulala usiku, kutembea mpaka bombani, kuvaa viatu bila kulia, hayo ndiyo tunayotafuta. Ukimeza wiki 6 au 8 kwa kipimo cha kutosha bila mabadiliko, rudi, ubadilishiwe.

Inaweza pia kuleta choo kigumu, kizunguzungu ukisimama ghafla, na macho kuona ukungu. Kunywa maji, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo usimame. Wazee waangalifu zaidi, hasa wakienda chooni usiku.

Mwambie muuguzi kabla ya kuanza ikiwa: una ugonjwa wa moyo, unakojoa kwa shida, una presha ya macho, una kifafa, una mimba au unanyonyesha, au unameza dawa nyingine yoyote. Usiichanganye na pombe. Ukitaka kuiacha, usikate ghafla. Upunguziwe polepole.

Sasa nisikilizeni hapa, mama zangu. Kwa mtoto mdogo, vidonge vichache tu vya amitriptilini vinaweza kusimamisha moyo. Visiwekwe chini ya mto, wala kwenye kibuyu, wala kwenye mfuko unaoning'inia mlangoni. Viweke juu kabisa, ndani ya kopo lenye kifuniko. Mtoto akimeza, usisubiri aanze kulala. Mkimbize kituoni na kopo lenyewe mkononi. Na kama ndani ya nyumba yupo mtu aliyekata tamaa anayesema hataki kuishi, mwambie muuguzi, upewe vidonge vya siku chache chache.

DAWA NYINGINE

Kabamazepini. Wengi wanaijua kuwa ya kifafa. Hutumika hasa kwa maumivu ya uso, yale yanayopiga shavu kama umeme mtu akitafuna au akinawa. Ukitokewa na upele, homa au vidonda mdomoni, kimbia kituoni siku hiyo hiyo. Akina mama wajue kwamba dawa hii hupunguza nguvu ya vidonge na kijiti vya uzazi wa mpango. Hupunguza pia nguvu ya dolutegraviri, dawa ya virusi vya UKIMWI. Anayetoa dawa lazima ajue yote unayotumia.

Gabapentini. Ilianza kutumika mwaka 1993 kwa kifafa, sasa hutumika pia kwa mishipa ya fahamu. Usiitegemee kwenye kila kituo; huenda ukaikuta hospitali unakotumwa kwa rufaa. Huleta usingizi na kizunguzungu, na isikatwe ghafla.

Tramadoli. Vijana wenzangu, hii mnaijua kutoka sokoni. Ni dawa kali ya maumivu, na daktari anaweza kuiandika kwa muda. Ila inazoeza mwili, inaweza kuleta degedege, na ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi inaweza kuzuia pumzi. Pamoja na amitriptilini ina hatari zaidi. Usinunue vya kubahatisha.

Sindano za vitamini. Wengi wanauza mgao wapate pesa za "sindano ya neva". Ikiwa mwili umepungukiwa vitamini, vitamini zitasaidia, na mara nyingi vidonge vinatosha. Ikiwa haujapungukiwa, umetupa unga wa watoto.

KAZI YA NYUMBANI

Dawa peke yake haitoshi. Fanya haya, hayana malipo:

- Tazama nyayo zako kila jioni, au umwombe mtoto akutazamie. Mguu wenye ganzi haujui kama umekanyaga msumari.
- Usiote moto wala kukandwa kwa maji ya moto miguu yenye ganzi. Pima maji kwa kiwiko kwanza.
- Vaa viatu, na uvikung'ute kabla ya kuvaa. Shika sufuria kwa kitambaa.
- Tembea kila siku, hata kidogo. Kulala kutwa kunazidisha maumivu.
- Usichanjwe kwa wembe pale penye ganzi. Waya hauponi kwa kuchanjwa, na kidonda kitakuja.
- Andika kwenye daftari kila wiki: maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, na nimelala saa ngapi. Daftari hilo linamsaidia daktari kuliko kumbukumbu.

Kwa waliokatwa mguu au mkono ipo njia ya kioo, iliyoanza kutumika miaka ya 1990. Mtu wa mazoezi ya viungo anaweka kioo katikati ya miguu, wewe unatazama mguu mzima ndani ya kioo na kuuchezesha taratibu. Ubongo unaona kama miguu yote miwili ipo na imetulia. Kwa wengine, dakika 15 kila siku kwa wiki kadhaa zimepunguza maumivu. Uliza kwenye chumba cha mazoezi.

Na uwe na subira. Mshipa uliokatwa, ukijaliwa kuota tena, huota kiasi cha milimita 1 kwa siku. Sentimita 30 ni siku 300.

USISUBIRI KWA HAYA

Nenda kituoni mara moja, hata usiku, ikiwa: miguu imeishiwa nguvu ghafla, huhisi kitu sehemu za siri na mkojo au haja imezuia au inatoka yenyewe, uso umekwenda upande au mkono mmoja umelegea, una maumivu ya mgongo pamoja na homa au kukonda, au una kidonda cha mguu kisichouma. Hicho kisichouma ndicho kibaya zaidi.

MASWALI MLIYOULIZA

"Nikianza dawa hii nitaimeza maisha yangu yote?" Si lazima. Baada ya miezi kadhaa ya nafuu, daktari hujaribu kuipunguza. Wengine wanaacha, wengine wanaendelea na kipimo kidogo.

"Mume wangu anaumwa kama mimi. Nimpe nusu ya vyangu?" Hapana, mama. Huenda ana kisukari au moyo, na wewe hujui. Mlete apimwe.

"Dawa zikiisha kituoni nifanyeje?" Usingoje kidonge cha mwisho. Rudi ukibakiwa na vya wiki moja, ili mapema utafutiwe njia, au upunguziwe bila kukata ghafla.

"Jirani akisema nimepewa dawa ya wazimu nimjibu nini?" Mjibu hivi: "Miguu yangu ndiyo iliyopewa dawa, na usiku ninalala." Kisha mpe karatasi hii asome. Asiyejua kusoma, mtoto wake wa shule amsomee.

Viongozi wa bloku, naomba mtusaidie kuwatafuta waliojifungia ndani kwa maumivu na kuona haya. Watumishi wa jamii tutafika nyumbani kwao, na asiyeweza kutembea tutamwombea usafiri.